Akiba ya chakula mlimani: ibaki ndani, iende zizini au iingie kikundini?

Mwezi wa saba, ukipita kwenye vijiji vya milimani juu ya Kibakwe, wilayani Mpwapwa, utadhani njaa ni hadithi ya watu wengine. Mahindi yamelundikwa uani yanasubiri kupukuchuliwa, maharage yako kwenye turubai, watoto wanachoma viazi. Mwezi huohuo Fuso za wanunuzi zinapanda kwa sababu barabara imekauka, na mwenye nyumba anafanya uamuzi utakaomfuata mpaka mwezi wa tatu mwakani: haya mahindi niyaweke ndani, niyageuze mbuzi, au niyauze na fedha niipeleke kikundini, kile cha kuweka na kukopa?

Nimeolewa mlimani miaka kumi na saba sasa, na swali hilo nimelijibu tofauti karibu kila mwaka. Njia zote tatu zimewahi kunivusha, na zote zimewahi kuniacha nikiazima kopo la sado la unga kwa jirani. Kwa hiyo sitakuambia ipi ni bora kwa kila mtu. Nitaziweka zote kwenye vipimo vilevile, uamue kwa kuiangalia nyumba yako. Kaya ninayoifikiria ni kama yangu: watu sita, ekari mbili au tatu za mahindi na maharage, mifugo michache, na hakuna anayelipwa mshahara.

Watu wa bondeni hutuonea wivu. Sehemu kubwa ya Mkoa wa Dodoma hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, tena kwa msimu mmoja kati ya Desemba na Aprili, na sisi wa kwenye safu za Rubeho tunapata zaidi ya hapo. Ni kweli, jua halituunguzii mazao mara kwa mara kama linavyowafanyia wenzetu wa Bahi na Chamwino. Lakini njaa ya mlimani ina sura yake. Mvua inayotuoteshea mahindi ndiyo inayokata barabara. Kuanzia Januari Fuso haipandi, bodaboda inapanda kwa kudra ya Mungu, na debe lililonunuliwa Mpwapwa mjini linafika kwetu likiwa na nauli juu yake. Wakati huo mahindi yaliyo shambani yamefika magotini tu. Hapo ndipo watu wanaanza kuhemea: kutembea kijiji kwa kijiji kutafuta chakula cha kununua, kuazima au kubadilishana na kazi.

Vipimo vyangu vitano

Kwanza, akiba hii itafika Februari? Pili, inageuka ugali kwa muda gani, siku ambayo barabara imekatika? Tatu, adui yake ni nani: mdudu, ugonjwa, bei au binadamu? Nne, nani anaweza kuigusa bila kuuliza mtu? Tano, inadai nini kwako, fedha au kazi ya mikono?

Kipimo cha adui nakipa uzito zaidi, na sababu yake iko kwenye masimulizi ya Ugogo. Njaa iliyoitwa Mtunya, ya 1918 hadi 1920, haikuletwa na ukame peke yake. Majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalikuwa yamepita hapa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, yakachukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua ilipokataa baadaye, kilindo cha nafaka kilikuwa kitupu na zizi lilikuwa tupu. Kila akiba ina kitu kinachoweza kuimaliza, na ni vizuri ukijue kwa jina kabla hujaweka mayai yako yote humo.

Halafu piga hesabu ya nyumba yako. Sisi sita, wakubwa kwa wadogo, debe moja la mahindi linatuvusha siku saba, zikizidi nane. Kuanzia mwaka mpya mpaka mahindi mabichi ya mwishoni mwa Aprili ni siku 120. Hiyo ni debe 16, yaani karibu gunia tatu. Gunia tatu hizo ndizo ninazozizungumzia hapa. Zinazoliwa kati ya Julai na Desemba hazina shida, maana kila mtu anazo na barabara iko wazi.

Njia ya kwanza: nafaka ibaki ndani

Kwa kipimo cha ugali, hakuna njia inayoishinda hii. Chakula kiko hatua kumi kutoka mafigani. Barabara ikatike wiki tatu, simu ikose mtandao, wewe unahitaji mashine ya kusaga tu, na mashine ikikosa dizeli, kinu na jiwe bado vipo.

Kazi iko kwenye kufika Februari. Mwaka wa nne wa ndoa yangu niliweka gunia tano kwenye viroba vya kawaida, chumbani, tukalala navyo. Mwezi wa kumi, usiku nyumba ikishatulia, nilianza kusikia mlio mdogo, kama mtu anayetafuna mbali. Nilifungua kiroba cha juu nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Ulitoka mweupe kwa unga, na punje nilizoshika zilikuwa nyepesi kama maganda ya karanga. Dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati; hapa nchini alionekana kwanza Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, akasambaa. Fukusi tuliyemzoea toka zamani anatoboa punje. Dumuzi anaisaga. Kati ya gunia tano nilipata mbili za kula, na mojawapo tuliila kwa kulazimisha.

Siku hizi mifuko ya kuzuia hewa inapatikana kwenye maduka mengi ya pembejeo. Ina mifuko miwili ya nailoni nzito ndani na kiroba kimoja nje. Ukiijaza vizuri, ukaminya hewa yote na kufunga kila mfuko peke yake kwa kuuzungusha na kuukunja, wadudu waliobaki ndani wanamaliza hewa na kufa. Haihitaji dawa. Lakini ina masharti ambayo muuzaji hatakuambia yote. Usiufungue kila siku kuchota. Fungua mmoja, uumalize, ndipo uguse mwingine. Usiuweke sakafuni, uweke kwenye chaga, mbali na ukuta. Na panya akitoboa tundu moja, umebaki na kiroba cha kawaida ulichonunua kwa bei kubwa.

Dawa ya unga nayo inafanya kazi ukifuata kipimo cha kwenye pakiti na muda wa kusubiri kabla ya kula. Ninachoomba, kwa moyo wote, ni kwamba usitumie vidonge vya gesi kwenye nyumba ya kulala. Gesi ile haichagui kati ya dumuzi na mtoto. Kihenge cha bati ni kizuri sana, panya hakiwezi, ila bei yake na kukipandisha mlimani ni shughuli ya watu walioungana.

Jambo linalotutofautisha sisi wa juu na wa bondeni ni kukausha. Bondeni jua linamaliza kazi kwa siku chache. Kwetu ukungu hauondoki kabla ya saa nne asubuhi, na saa kumi jioni ubaridi umesharudi. Mtu anaanika siku tatu kama shemeji yake wa Gulwe, bondeni, anaridhika, anafunga kwenye mfuko wa kuzuia hewa, na akifungua Januari anakutana na harufu ya uvundo. Mfuko ule haukaushi. Unachofunga kikiwa na maji kitaoza na maji yake.

Pima hivi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, yenye kifuniko. Tia mahindi mpaka robo ya chupa na vijiko viwili vya chumvi kavu. Tikisa dakika chache, iache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Ikianguka yote chini, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi, unaweza kufunga. Na anika kwenye turubai, kamwe si kwenye udongo mtupu.

Nakazia hili kwa sababu ya sumu kuvu. Mwaka 2016, hapahapa Dodoma na kwa majirani zetu wa Manyara, watu waliugua na wengine wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Haionekani kwa macho, na kuchemsha hakuiondoi. Kuchambua punje zilizooza na kukoboa hupunguza, lakini kinga ya kweli ni kukausha mapema na kuanika juu ya kitu safi.

Nani anaigusa? Hapa nafaka ina udhaifu wake. Inaonekana. Msiba ukitokea, debe linatoka. Ada ikidaiwa, debe linatoka. Mgeni akija na mfuko mtupu mkononi, utamnyima vipi ilhali gunia zinaonekana kupitia mlangoni? Na mnunuzi akipandisha bei Septemba, baba mwenye nyumba anaweza kuuza gunia mbili ukiwa kisimani. Mimi na mwenzangu tulikubaliana mbele ya mama mkwe kwamba gunia tatu za mwisho zinafungiwa chumba cha nyuma na ufunguo unakaa kwa mama mkwe. Tangu siku hiyo hatujazozana tena juu ya mahindi.

Inadai kazi zaidi ya fedha: wiki mbili za kuanika, kuanua kila wingu linapotanda, kupukuchua, kuchambua. Mifuko inagharimu mara kadhaa ya kiroba cha kawaida, ila isipotoboka inarudi msimu wa pili na wa tatu.

Neno dogo kuhusu uwele. Chini ya mlima, kwenye shamba la mama mkwe, bado wanalima uwele, na masuke yake yanakaa kwenye kilindo cha gome tangu mwaka juzi bila dawa yoyote. Dumuzi hauhangaikii uwele kama anavyohangaikia mahindi. Watoto wangu wanasema ugali wake ni mweusi. Wanaula.

Njia ya pili: iende zizini

Mantiki yake ni rahisi. Mahindi ukiyaweka yanapungua. Mbuzi ukimweka anazaa. Jike hubeba mimba miezi mitano, na akitunzwa vizuri anakuletea mapacha. Ukinunua majike wawili Julai kwa bei ya gunia ulizouza, mwakani una zizi. Hakuna mfuko wa mahindi uliowahi kuzaa.

Kufika Februari, mbuzi anafika kwa miguu yake. Swali ni atafika katika hali gani. Septemba mpaka Novemba majani yamekauka na mbuzi wanakonda. Kama hukuandaa malisho, yaani mabua, majani ya maharage na mbaazi yaliyokaushwa na kuwekwa juu, Desemba unabaki na mifupa yenye ngozi.

Kugeuka ugali ndiko kunakoniumiza na njia hii. Mbuzi haliwi na ugali ukiwa haupo. Lazima auzwe, na ili auzwe lazima ashuke mnadani, siku ya mnada, barabara ikiwa mbovu. Halafu bei. Mwaka wenye njaa kila nyumba inapeleka mbuzi siku ileile kwa sababu ileile, na mnunuzi anajua. Nakumbuka mwaka mmoja nilisimama mnadani tangu asubuhi nimeshika kamba ya beberu mzuri, mwekundu, wa miaka miwili. Julai niliahidiwa kwa yeye fedha ya kununua gunia zima na chenji. Februari ile nilirudi na debe tatu, moja kwenye bodaboda na mbili tukapokezana kichwani na mdogo wangu. Mbuzi ni yuleyule. Bei yake ilikuwa imeshuka siku ambayo bei ya mahindi ilikuwa imepanda.

Kwa hiyo mwenye mbuzi anayejua kazi yake hasubiri njaa. Anauza Oktoba au mwanzoni mwa Novemba wale aliokusudia kuuza, wakiwa bado na mwili, ananunua nafaka siku ileile na kuipandisha kabla ya mvua. Zizi linabeba akiba ya mwaka hata mwaka, na nafaka inabeba miezi minne ya mwisho. Ukilielewa hilo, zizi linakuwa rafiki mkubwa.

Adui ni magonjwa. Sotoka ya mbuzi na kondoo na homa ya mapafu vinaweza kufagia zizi kwa wiki chache, na mlimani mtaalamu wa mifugo hafiki haraka. Kuku wana kideri, ambacho kikiingia kijijini hakiachi banda. Hiki cha kuku kina jibu la bei nafuu: chanjo ya tone jichoni, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Nyumba kumi zikichangia chupa moja, mzigo ni mwepesi. Nguruwe wanakua haraka na soko lao ni zuri, lakini homa ya nguruwe haina tiba, na ikitangazwa eneo linafungwa.

Adui mwingine ni mlima wenyewe. Kule Kondoa, baada ya makorongo kula mashamba kwa miaka mingi, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililoharibika. Watu walilazimika kuishi bila kilichokuwa benki yao. Miteremko yetu ya Mpwapwa ni mikali vilevile. Zizi la mbuzi wanne wanaolishwa nyumbani mlima unaliweza. Kundi la arobaini kwa kila nyumba, sioni mlima ukiliweza.

Nani anawagusa? Katika nyumba nyingi ninazozijua, mbuzi na ng'ombe ni wa baba, kuku ni wa mama. Mama anaweza kuwachunga mwaka mzima na asiulizwe wanapouzwa. Kama ni wewe, na huna mazungumzo ya wazi na mwenzako, kuku kumi waliochanjwa watakufaa kuliko mbuzi watano wasio wako. Upande mwingine, mbuzi hawaombwi ovyo kama unga. Hakuna jirani anayekuja kuazima robo ya mbuzi. Na ndugu aliye kijiji kingine anaweza kukulelea wawili watatu, ugonjwa ukiingia kwenu wabaki wale. Wazee wetu walifanya hivyo bila kuandikishana popote.

Gharama ni banda lililoinuliwa, dawa ya minyoo, chanjo, na mtu wa kuchunga. Mtu huyo kwa kawaida ni mtoto, na hapo ujiulize kuhusu shule yake.

Njia ya tatu: iingie kikundini

VICOBA vimefika mpaka vijiji vya juu kabisa. Mnakutana kila wiki, kila mtu ananunua hisa, fedha inakaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Unakopa, unarudisha na riba ndogo, na mwisho wa mzunguko mnagawana. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi vinatakiwa kusajiliwa kupitia halmashauri, na nakushauri msione hilo kama usumbufu. Kikundi chetu cha kwanza hakikuwa na usajili wala katiba iliyoandikwa. Mweka hazina alihama usiku mmoja, na hatukuwa na karatasi ya kumwonyesha yeyote.

Fedha haioti kuvu wala haikondi. Kufika Februari inafika, ila si lazima ifike na thamani ileile. Fedha ya gunia moja la Julai inaweza kununua chini ya nusu gunia Februari. Vikundi vingi pia vinagawana Desemba, kuelekea Krismasi. Nguo zinanunuliwa, Januari sare na madaftari yanadai, na Februari kitabu cha hisa ni kipya na sanduku halina kitu. Hili linarekebishika kwa uamuzi wa mkutano mmoja: sogezeni mgawo uwe Septemba, bei ikiwa chini na barabara wazi.

Ugali je? Siku barabara ikikatika, fedha ni karatasi. Unaweza kuwa nayo mkononi ukazunguka kijiji kizima usipate mwenye debe la kuuza. Hata fedha ya kwenye simu, ambayo imetusaidia mno kwa ndugu walio mbali, inanunua kile tu kilichopo mlimani.

Adui ni wawili. Wa kwanza ni ukosefu wa uaminifu, nimeshausema. Wa pili ni kwamba balaa la ukame au mvua ya mawe linawakuta wote kwa pamoja. Kikundi kinamudu vizuri mtu mmoja akiugua au akifiwa. Wanachama thelathini wakitaka kukopa wiki moja, na wale wa mwezi uliopita hawajarudisha, sanduku linakuwa na majina tu.

Kwa kipimo cha nani anaigusa, hata hivyo, njia hii inazipita zote, hasa kwa mwanamke. Kitabu kina jina langu. Hisa zangu hazionekani na mgeni mlangoni, haziwezi kuuzwa nikiwa kisimani, na nikihitaji kusema hapana nasema "fedha iko kikundini," na kila mtu anaelewa. Mjane wa jirani yangu alisomesha watoto wawili kwa kitabu hicho.

Miaka mitatu sasa kikundi chetu kinafanya kitu cha ziada. Agosti tunanunua mahindi kwa sehemu ya fedha ya hisa, tunayapima kwa chumvi, tunayafunga kwenye mifuko ya kuzuia hewa na kuyaweka kwenye chumba kimoja tulichokikodi. Januari mwanachama anakopa debe, akivuna anarudisha debe na sado moja. Bei haipandi kwa sababu hakuna bei. Inahitaji watu wachache wanaoaminika kweli, na mwaka wa kwanza gunia moja lilivunda kwa sababu tuliona aibu kumkatalia mwenzetu mahindi yake mabichi. Sasa hatuoni tena. Chumvi ikinata, yanarudi.

Kibarua

Watu wataniuliza mbona sijaweka kibarua. Kwa sababu si akiba, ni kile unachofanya ikiisha. Tena kinakuja wakati mbaya kuliko wote. Njaa inauma Januari na Februari, na hiyo ndiyo miezi ya palizi. Unashuka kwenda kupalilia shamba la mwenye uwezo ili upate debe, na shamba lako linamezwa na majani. Julai unavuna nusu, na Januari inayofuata unashuka tena. Nimeona nyumba zikizunguka hivyo miaka sita mfululizo. Kama huna budi, aende mmoja, wengine wabaki kwenye palizi, na mpatane malipo ya nafaka badala ya fedha.

Kwa hali yako

Kama nyumba yako iko mbali na barabara, saa mbili au zaidi kwa miguu, na una watoto wadogo au mzee, gunia zako tatu zibaki ndani. Usizigeuze kitu kingine chochote, hata bei ikikutamanisha. Kinachozidi hapo ndicho ukipeleke zizini au kikundini. Na mnunuzi akija kwa lumbesa, kumbuka kile kilima cha juu ya gunia ni siku tatu au nne za chakula chako.

Kama uko upande wenye ukungu mwingi na hujawahi kufaulu kukausha, usilazimishe mahindi yote. Funga gunia moja ulilokausha kwa uhakika kabisa, uza mengine mapema, nunua Oktoba mahindi yaliyokaushwa na jua la bondeni. Wanaoweza kuungana kukodi gari, Kibaigwa kule Kongwa kuna soko kubwa la mahindi, na nauli ikigawanywa kwa watu kumi inabebeka.

Ukiwa na shamba dogo lakini mikono mingi nyumbani, kata majani, jenga banda la juu, fuga mbuzi wachache wa kulishia ndani. Weka tarehe ya kuuza ukutani, mwezi wa kumi, na uiheshimu. Asiye na mikono ya kutosha aanze na kuku na chanjo.

Mwanamke anayelea nyumba peke yake, au ambaye neno lake halisikilizwi nafaka inapouzwa, aanzie kikundini. Hisa mbili kwa wiki si kitu kidogo. Lakini asiishie hapo: amshawishi mwenyekiti kuhusu mgawo wa Septemba, na siku ya mgawo aende sokoni moja kwa moja na mwanachama mwenzake, kabla fedha haijalala nyumbani.

Nyumba ambayo mwaka huu imevuna chini ya gunia tatu haina cha kugawanya kati ya njia hizi. Iweke ndani yote. Anikeni mlenda, ule wa porini na wa shambani, kwa wingi. Ukikauka hauna uzito na unakaa mpaka mwakani. Maboga yakatwe vipande vyembamba, yakaushwe. Muulizeni mapema mtendaji wa kijiji kama kuna mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini ambao kaya yenu inaweza kuingia. Ongeeni na wenye akiba sasa, wakati hakuna anayewaogopa, mkubaliane debe la Januari litalipwa vipi.

Na kama uko Dodoma mjini, wazazi ndio wako huku juu, na kila Februari unapigiwa simu, hamisha msaada wako. Fedha unayotuma Februari inanunua debe moja na nauli ya bodaboda. Itume Agosti. Tuma na mifuko minne ya kuzuia hewa na turubai moja, mpe dereva wa Fuso inayopanda kufuata mahindi, maana inapanda tupu. Kisha mpigie mama umwambie atafute chupa ya kioo na chumvi.